Kituo Kilichofungwa kwa Heshima

Mzee Yasuji Nishimori alifungua kitambaa chake juu ya kaunta taratibu, akatoa karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga sawasawa na ukingo wa meza. Pasipoti. Kitambulisho cha ukaazi alichopewa wiki iliyopita. Cheti cha ufundi wa redio, chenye picha ya kijana mwenye nywele nyingi ambaye hata binti yake, Chizuru, hakuwahi kumjua. Halafu ile karatasi ya mwisho. Hiyo aliishika kwa mikono miwili, akainama, ndipo akamkabidhi karani.

Karani alikuwa msichana mpole, hajafika hata miaka thelathini. Aliisoma kwa msaada wa simu yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Mama, samahani," alimwambia Chizuru kwa Kikorea. "Leseni ya kituo chake iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo?"

"Hii si leseni. Hii ni taarifa ya kufunga kituo."

Chizuru alimgeukia baba yake na kumwuliza kwa Kijapani. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa fahari kabisa. "Ndiyo, nimekifunga. Mwonyeshe mhuri. Nimekifunga siku tatu kabla ya kuondoka, mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikuacha kiporo."

Ama kweli, mtu anaweza kujichimbia kaburi na kulifagia juu. Huko kwao Japani mambo ya redio ya ridhaa yana karatasi mbili. Moja ni cheti cha mtu, ambacho ukikipata leo unakuwa nacho mpaka uzikwe. Nyingine ni leseni ya kituo, ndiyo yenye jina lako la hewani, na hiyo huzaliwa na kufa kama sisi. Mzee Yasuji alikuwa amekuja Korea na cheti kizima na leseni maiti.

"Angekuja nayo ikiwa hai," karani alisema, akipunguza sauti, "ningempa ya hapa bila mtihani wala nini. Lakini sasa sina cha kubadilisha. Ni kama mtu aje kubadili pesa, mkononi ana risiti ya pesa alizokwisha kuzitumia."

"Kwa hiyo afanyeje?"

"Afanye mtihani, kama mtu yeyote."

"Kwa Kijapani?"

Karani alicheka, halafu akaona haya, akajiziba mdomo. "Kwa Kikorea, mama."

Chizuru alitafsiri yote, hata kile kicheko alikieleza, maana baba yake alikiona. Mzee alikusanya karatasi zake, akafunga kitambaa mafundo mawili, akamwinamia karani, akawainamia na watu wa foleni kwa kuwachelewesha. Mwanamume mmoja aliyesimama nyuma yao akanong'ona kwamba Wajapani wanajua kuinama lakini hawajui kuharakisha.

Ndani ya gari Chizuru alishindwa kujizuia. "Baba, nani alikwambia ufunge kituo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Uliniandikia orodha. Gesi, maji, gazeti, benki, simu ya mezani. Chini yake ukaandika: Baba, funga kila kitu, usiache mkia. Nami nikaona ni haki. Ndege akiruka hachafui maji aliyokuwa akiogelea."

Chizuru aliikumbuka ile orodha. Aliiandika harakaharaka jikoni kwa mzee, siku ile aliporuka kwenda Hokkaido baada ya baba kuanguka kutoka kwenye paa akikwangua theluji. Alikuwa na siku nne tu za likizo, na nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi. Hakuwa amefikiria redio hata kidogo. Aliwasha gari, akaendesha mpaka nyumbani kwake Jinju.

*

Jioni mama mkwe wake, Bi Gapsun, alikuja na bakuli la kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, na maneno yake. Alikuwa akikaa ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, na lifti haikuwahi kumharibikia.

"Nasikia mgeni wetu amefeli kabla ya mtihani," alisema akivua viatu. "Mtu anahamia nchi ya watu, anabeba sanduku zima la mitambo, soksi za baridi anasahau! Jana nimemwona uwanjani na ndara."

"Mama, acha," alisema Sang-cheol, mume wa Chizuru.

"Nimesema nini? Si haelewi."

Mzee alikuwa amekaa pembeni ya meza ile ya chini, anakula wali kwa adabu, akitabasamu kila aliposikia sauti inapanda. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma Chizuru kuliko yote, kumwona baba yake akitabasamu huku anasemwa.

Sang-cheol hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemkubali baba mkwe bila manung'uniko, akampa chumba kilichokuwa cha stoo, akamsaidia kutandaza waya wa antena kwenye kibaraza, na mlinzi wa jengo alipokuja kuuliza, akamwambia ni kamba ya kuanikia nguo. "Lakini hebu nieleze tena," alimwambia mkewe. "Huyo rafiki yake si ampigie simu? Siku hizi hata paka ana simu."

"Hana sauti," Chizuru alisema. "Mzee Kuramochi alipasuliwa koo hospitalini miaka sita iliyopita, saratani. Macho nayo yanaona ukungu. Kilichobaki ni vidole. Anagonga ile milio ya redio, mfupi, mrefu, mfupi. Anamwita Baba kila Jumapili saa tatu asubuhi, na Baba anamjibu. Miaka thelathini na kitu hawajakosa."

"Na barua?"

"Barua anaandikiwa na mkamwana wake, Sachie, na zikija anasomewa na huyohuyo. Sasa wewe unaweza kumwandikisha mkamwana wako maneno ya kumlalamikia mkamwana wako?"

Bi Gapsun aliangua kicheko. "Hapo amenena!" akasema, kisha akakumbuka kwamba mkamwana wake mwenyewe yuko mbele yake, akainamia mchuzi.

Hata simu walishajaribu. Mara moja tu, Yasuji akigonga kwa kijiti upande huu, na upande wa pili Sachie akimshikia mkwewe simu sikioni kama anayemlisha uji. Kuramochi aligonga kwamba yu mzima na chakula ni kizuri, basi, akasukuma simu. Mtu mzima hawezi kuongea yaliyo moyoni huku ameshikwa sikio.

"Basi arushe tu hewani!" Sang-cheol alisema. "Nani atajua? Polisi wa redio watapanda lifti mpaka ghorofa ya tisa kumkamata babu?"

Chizuru alimtafsiria baba yake. Mzee aliweka vijiti vyake chini, akafuta mdomo.

"Mshukuru mkwe wangu. Mwambie miaka hamsini na mbili sijawahi kurusha herufi moja nisiyoruhusiwa. Nikianza leo nitakuwa mtu mwingine, na Kuramochi hamjui huyo mtu mwingine."

"Anasemaje?" Bi Gapsun aliuliza.

"Anasema hapana," Chizuru alisema.

*

Kusikiliza hakukatazwi. Jumapili Chizuru alimkuta baba yake amekaa mbele ya redio, amevaa shati la kola na amechana nywele. Kipaza sauti kilikuwa kikivuma vumm, kisha ndani ya mvumo ule ikatoka milio, myembamba lakini safi. Mzee alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Ananiita."

Milio ikakoma. Mvumo. Ikaanza upya, ileile.

"Mbona anarudia?"

"Anaita, anasubiri. Anaita, anasubiri. Ndivyo inavyofanywa."

Kuramochi aliita kwa dakika ishirini. Chizuru hakujua herufi hata moja ya lugha ile, lakini mpaka mwisho alikuwa amelijua jina la baba yake kwa sikio. Milio ilipokoma kabisa, mzee alitoa mikono chini ya mapaja, imekufa ganzi, akaanza kuikanda.

Wiki hiyo aliandika barua. Chizuru aliisoma alipokuwa akibandika stempu, maana mzee aliiacha wazi. *Ndugu Kuramochi, mimi ni mzima. Makaratasi ya huku yanachelewa kidogo. Vumilia.*

"Baba, mbona humwambii ukweli?"

"Nitamwambia nikishafaulu mtihani."

"Na usipofaulu?"

"Chizuru, barua itasomwa na Sachie. Unataka nimwambie mke wa mtoto wa mtu kwamba mimi, niliyewafundisha sheria watu wa chama kizima cha redio, nimejifunga mwenyewe kama mpumbavu?" Alinyoosha mkono, akaichukua bahasha, akailamba na kuifunga. "Kabla sijaondoka nilimweleza Kuramochi nilivyokifunga kituo. Alinisifu. Alisema ndivyo mtu anavyoondoka mahali."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini nani angemwambia hivyo mzee wa miaka sabini na minane, tena kwenye nyumba ambayo hata kuomba chumvi alihitaji mkalimani?

Sang-cheol alinunua kitabu cha mtihani. Bi Gapsun, ambaye hakuna aliyemwomba, alijipa ualimu. Kila alasiri alipanda kwa lifti na miwani yake, akakaa na mzee, akamwonyesha herufi kwa kidole. "Ga. Na. Da. Sema! Mjukuu wa jirani yangu ana miaka mitano, anasoma hii bila kupepesa macho." Mzee alisema ga, na, da. Aliandika kila neno mara ishirini kwenye daftari. Usiku alikuwa amesahau nusu, na asubuhi nusu ya nusu. Na kila Jumapili saa tatu alivaa shati la kola, akasikiliza jina lake likiitwa, akaikalia mikono.

Siku ya mtihani Chizuru aliomba ruhusa kazini akampeleka. Chumbani vijana walimpisha kiti cha mbele, wakidhani ndiye msimamizi. Msimamizi wa kweli alipoingia ikabidi mzee asimame tena, atafutiwe namba yake, huku kila mtu akimtazama. Alitoka baada ya dakika hamsini na uso wake uleule.

"Vipi, Baba?"

"Yenye michoro nimeyajibu yote. Yenye maneno nimewaachia wenye maneno."

Maswali mengi yalikuwa ya maneno. Jibu lilipokuja kwenye simu ya Chizuru alikwenda kusimama kibarazani kwanza, akalia kidogo, ndipo akaingia kumwambia.

*

Mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha. Jumapili moja Chizuru alikuwa jikoni anaosha mchele aliposikia milio haikomi. Siku zote ilikuwa ikiita na kunyamaza. Siku hiyo ilikwenda tu, kama mtu anayesoma barua kwa sauti. Aliingia chumbani na mikono inachuruzika maji.

Mzee alikuwa akiandika harakaharaka. Chizuru alisimama nyuma yake akasoma maneno yalivyokuwa yakitoka chini ya penseli.

*Nishimori, kama unasikia. Labda leseni bado. Labda unasikiliza tu. Nakuambia bila kungoja jibu. Sachie amechoka, simlaumu, miaka sita si mchezo. Nahamia nyumba ya wazee Kitami, tarehe moja. Mkuu wa pale mtu mwema. Anasema waya mdogo dirishani si kitu, nije na redio yangu.*

"Afadhali!" Chizuru alisema. Baba yake akamnyamazisha kwa mkono.

*Nimefanya kama wewe. Nimejaza fomu, nakifunga kituo cha hapa kwa heshima. Sachie ataitia posta kesho. Nikifika huko nitaomba upya. Leo ni mara ya mwisho kwa jina hili. Nimeona niliseme kwako.*

Penseli ilivunjika. Mzee aliitazama kama hajui ni kitu gani.

"Asifunge," alisema. "Asifunge! Abadilishe anwani tu, karatasi moja, siku mbili. Akifunga itabidi aombe upya, ajaze, asome, na yeye haoni! Nani atamsomea huko? Nani atamjazia? Hatarusha tena huyu. Hatasema tena mpaka afe."

"Baba, nipige simu kwa Sachie?"

Lakini mzee hakuwa akimsikiliza. Milio ilikuwa imekoma. Kuramochi alikuwa anafunga, na akishazima mtambo hatasikia tena. Mzee aliinama chini ya meza, akachomeka waya ambao tangu afike Korea haukuwahi kuchomekwa, akavuta kitufe chake cha kugongea milio kutoka kwenye kitambaa alichokifungia. Aligonga maneno matatu. Chizuru aliyasoma midomoni mwake kwa sababu mzee alikuwa akiyasema huku akiyagonga: *Usiitie fomu posta. Usiitie fomu posta.*

Mvumo. Halafu Kuramochi akajibu, taratibu, kama anavyojibiwa mtu asiyejulikana. Mzee hakuandika, alitafsiri kwa mdomo.

"Anasema: kituo kinachoita, taja jina lako."

"Si umtajie!"

"Jina gani?" Mzee alimgeukia binti yake na macho mekundu. "Lile nimelirudisha. Si langu. Nikilitaja nimesema uongo juu ya wizi."

"Baba, litaje tu, kwa jina la Mungu!"

Aliweka kidole juu ya kitufe. Aligonga herufi mbili za kwanza za lile jina alilokuwa nalo miaka hamsini na mbili, akasita, kidole kikabaki hewani. Hakuendelea. Upande wa pili Kuramochi alingoja, akangoja, kisha akagonga kwa haraka na kwa ukali.

"Anasemaje?"

Mzee aliondoa mkono kwenye kitufe. "Anasema: kituo kisicho na jina, ondoka. Saa hii ni ya rafiki yangu."

Kisha hapakuwa na kitu ila mvumo.

*

Sachie alipopokea simu alikuwa na sauti ya mtu aliyeacha kitu jikoni kinaungua. Chizuru, simu ikiwa kwenye spika ili baba yake naye asikie, alimweleza mbiombio: fomu, posta, tafadhali isiende.

"Dada, nitamwambia," Sachie alisema. "Ila leo hataki kusikia la mtu. Ameandika kwenye ubao wake kwamba mhuni fulani amemwingilia hewani, amemharibia siku ya mwisho. Na hiyo fomu ananihimiza tangu juzi. Nikimwambia imetoka kwenu hataamini. Barua ya baba yako nilimsomea mwenyewe. Ilisema kila kitu kinakwenda sawa, makaratasi tu yanachelewa."

Mzee, aliyekuwa amesikia kila kitu, alinyoosha mkono. Alisimama wima ndipo akaipokea, kama mtu aliyeitwa mbele ya watu.

"Bibi Sachie, mimi Nishimori. Naomba unisikilize, kisha umwambie baba kama nitakavyosema, usipunguze. Mwambie barua ile ilikuwa ya uongo. Makaratasi hayachelewi. Sina leseni, na sitapata. Nilikifunga kituo changu mwenyewe, na huku wanataka kilicho hai. Nilifanya mtihani nikafeli. Niliona haya kukwambia wewe, kwa hiyo sikumwambia yeye. Mwambie asifunge, abadilishe anwani tu. Na mwambie yule mhuni ni mimi."

Walisikia hatua za Sachie zikienda, mlango, sauti yake ikisema kwa muda mrefu, kwa sauti kubwa, neno baada ya neno. Sang-cheol alikuwa amesimama mlangoni kwa nguo za kulalia, haelewi lugha lakini hakuuliza. Mzee alibaki amesimama vilevile.

Sachie alirudi. Safari hii sauti yake ilikuwa imelainika.

"Ameichukua bahasha mezani, ameichana. Kesho nitamtafutia hiyo ya anwani, nitamjazia mwenyewe." Akaongeza: "Ameandika kitu ubaoni. Nikusomee?"

"Nisomee."

"Ameandika: Asante. Usirudie tena."

"Sawa," mzee alisema. "Mwambie sitarudia." Aliinamia simu, akainama chini kabisa, na alikaa vile muda mrefu mpaka Chizuru akaichukua simu mkononi mwake.

*

Jumapili iliyofuata mzee alichana nywele kama kawaida, lakini shati la kola hakuvaa. Chizuru aliketi kitandani karibu naye. Alikuwa amempikia supu ya maboga anayoipenda, akaila nusu, akashukuru.

Saa tatu kamili milio ikaanza. Chizuru alilingoja lile jina alilolizoea. Halikuja. Milio ilikuwa mingine, mifupi, inajirudia.

"Hakuiti?"

"Hawezi kuniita. Sasa anajua kwamba hakuna kituo chenye jina lile. Huwezi kuita kituo kisichokuwepo."

"Sasa anaita nani?"

"Anaita yeyote."

Kuramochi aliita mara mbili. Mara ya tatu akajibiwa, kwa mlio mnene wa mtu wa mbali, mkono wa haraka, pengine kijana. Mzee alichukua penseli kwa mazoea, akaiweka tena chini, akasikiliza tu. Wale wawili waligongeana kama wageni wanavyosalimiana: jina, mji, hali ya hewa. Kuramochi alisema theluji inayeyuka. Yule mwingine akasema kwao mvua.

"Wanaongea nini?" Chizuru aliuliza.

Mzee alisogeza sikio karibu na kipaza sauti, asipoteze herufi.

"Anaambiwa anasikika vizuri sana," alisema.